Majina ya mashujaa yaandikwe vijijini

Kila taifa lina siku yake ya kukumbuka damu iliyomwagika kwa ajili yake. Wananchi wa Mexico huandamana kwa gwaride mjini Puebla kila tarehe 5 Mei, kuikumbuka siku ile ya mwaka 1862 ambapo jeshi lao, likiongozwa na Jenerali Ignacio Zaragoza, lililishinda jeshi la Ufaransa. Mwaka uliofuata Wafaransa walirudi wakauteka mji huo, lakini heshima ya siku ile haikufutika.

Kwetu sisi Watanzania siku hiyo ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Katika sherehe za kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopata kuwa askari huweka shoka. Katika gwaride tulilohudhuria Kiloleli, mkoani Simiyu, hapakuwa na mizinga. Palikuwa na mgambo, watoto wa shule waliokanyaga kwa hatua moja, na wazee wachache waliokuwa vijana mwaka 1978.

Wazee hao ndio walioitikia wito. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule majeshi ya nduli Idi Amin yaliivamia nchi yetu, yakaikalia ardhi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba adui atapigwa. Jeshi lilipanuka mara kadhaa kwa kupokea mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengi waliopoteza maisha wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba.

Vita havikuishia mpakani. Taifa zima lilifunga mkanda kwa miaka mingi. Silaha zilizozagaa ziliongeza ujambazi na wizi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda Sungusungu ili kulinda mali zao. Kwa hiyo mtoto wa Kiloleli anayeuliza kisa cha Sungusungu hana budi kusimuliwa pia habari za Kagera.

Nani atamsimulia? Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa vita hivyo leo anakaribia miaka 70. Mgambo wengi walitoka shambani, wakapigana, wakarudi shambani. Majina ya waliozikwa Kaboya yanajulikana. Lakini ya waliorudi na kufariki kimya kimya vijijini yanapotea pamoja nao.

Tunatoa rai kwa watendaji wa kata na vijiji: fungueni daftari. Mwandikeni kila aliyekwenda vitani, kikosi chake, mahali alipopigana na hali yake ya sasa. Kazi hiyo haihitaji fungu kubwa la fedha. Yahitaji kalamu, mwalimu wa shule ya karibu, na subira ya kumsikiliza mzee. Daftari hilo litawafaa pia viongozi wa wilaya, kwani hawawezi kumsaidia mjane au majeruhi wasiyemjua.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya ziwa hili nao wasijione wako mbali. Vita vile vilipiganwa magharibi mwa ziwa hilihili, na maji hayakuwazuia vijana wa visiwani kujiunga na wenzao wa bara. Mzee wa kisiwani asiyeweza kusafiri hadi wilayani na afuatwe kwake.

Gwaride ni jambo jema, na lidumu. Lakini gwaride hupita kwa saa moja, na jina lililoandikwa hubaki. Ifikapo Julai ijayo, tungependa kuyasikia majina hayo yakisomwa mbele ya watoto, kijiji kwa kijiji.