Gari Hujaribiwa kwenye Vumbi

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu 2015, mnunuzi wa gari hupewa mzunguko mfupi kwenye lami, kisha huulizwa bei. Mzunguko huo haumwambii kitu. Magari mengi yanayotoka Japani, kupitia Dar es Salaam, Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, yana usukani wa kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Nyuma ya lori lililosheheni shaba, dereva wa gari kama hilo haoni linalokuja mbele. Humtegemea abiria amwambie apite au asubiri. Kasoro hiyo haionekani uani kwa muuzaji. Wala vumbi la kiangazi, linalopenya kwenye raba za milango iliyochoka.

Wauzaji hudai mgeni ataharibu gari, au atatoroka nalo. Hofu hiyo ina haki yake, ila dawa ipo: muuzaji akae kando ya dereva, mnunuzi aache kitambulisho, waende kwenye barabara ya udongo. Kabla ya kuwasha, mnunuzi aguse boneti. Ikiwa ya moto, injini imeshapashwa, na moshi wa asubuhi umefichwa. Basi arudi kesho alfajiri.