Sisi Nasi Tumo Katika Habari Hiyo

Katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma, mtoto hujifunza kutembea juu ya mawe meusi kabla hajajua jina la mlima uliyoyatapika. Mawe hayo watu huyabeba kwa chukudu, huyapanga yakawa ukuta, na juu yake hujenga nyumba za mbao. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hata kuingia katika ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchi ya Rwanda. Siku chache baadaye walianza kurudi, na mawe yalikuwa bado yana joto. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na watu wakashika njia tena.

Basi, mtu wa Goma hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya kutoka nyumbani usiku. Lakini ataka kujua neno jingine: Je, maisha yangu ni rundo la mambo yaliyonipata tu, kama mawe yaliyomwagwa kando ya njia? Au ni sehemu ya habari yenye mwanzo na mwisho?

Kanisa hutoa jibu lake kila mwaka katika usiku wa kuamkia Pasaka. Mshumaa mkubwa ukiisha kuwashwa, Wakristu huketi gizani kusikiliza. Kwa usiku huo Kanisa limeweka masomo saba ya Agano la Kale, kisha Waraka, kisha Injili. Tunasikia jinsi Mungu alivyoumba ulimwengu akaona kuwa ni mwema. Jinsi Abrahamu alivyomtumaini. Jinsi Waisraeli walivyopita katikati ya bahari. Jinsi Manabii walivyowafariji watu waliopelekwa utumwani. Mwishoni twasikia ya kwamba kaburi la Yezu Kristu li tupu. Ndipo hubarikiwa maji, na wakatekumeni hubatizwa. Angalieni utaratibu huo: kwanza habari, halafu ubatizo. Anayebatizwa hapewi jina jipya tu, bali anaingizwa katika habari ile, naye anakuwa mmoja wa watu wake.

HABARI KWANZA, AMRI BAADAYE

Mungu mwenyewe alifuata utaratibu huo pale Sinai. Kabla ya kutoa Amri Kumi aliwakumbusha Waisraeli kwamba ni yeye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Na alipowaamuru wasimwonee mgeni, aliwapa sababu: wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri, nao wanaujua moyo wa mgeni. Asahauye habari yake husahau na wajibu wake.

Je, neno hilo si letu? Miaka hii watu wengi wamekimbia vita vya Masisi na Rutshuru wakaja Goma, na jamaa nyingi maskini zimewakaribisha katika nyumba zisizowatosha wenyewe. Mama aliyevuka mpaka mwaka 2002 akiwa na mtoto mgongoni, akapewa maji na mtu asiyemjua, anajua afanye nini leo mgeni abishapo hodi. Sheria ya Musa imeandikwa katika kumbukumbu zake.

MAKOSA MAWILI

Wako Wakristu wanaoitumia Biblia kama hirizi. Huchagua mstari mmoja wa baraka, wakaurudia hata wapate kazi au fedha, na yaliyobaki hawayasomi. Hao ni kama mtu aliyekata kipande cha kanzu akakivaa kichwani, kisha akashangaa kuona baridi.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo limemwaga damu katika nchi zetu. Ni kusoma habari za taifa teule na kudhani kwamba taifa hilo ni kabila langu, na adui wa Mungu ni kabila la jirani. Anayesoma hivyo hakufika mwisho wa habari. Abrahamu aliitwa ili mataifa yote ya dunia yabarikiwe kwa ajili yake. Katika ukoo wa Bwana wetu, kama Mtakatifu Matayo alivyouandika, wamo Rahabu wa Yeriko na Ruthu wa Moabu, wanawake wa kigeni. Na katika kitabu cha mwisho Mtakatifu Yohane aliona umati usiohesabika, wa kila kabila na kila lugha, mbele ya Mwana-Kondoo. Mungu hamnyang'anyi mtu kabila lake. Ila hakubali kabila liwe nyumba ya mwisho.

KIJANA WA GOMA

Tunaye shahidi wa karibu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akajiunga na jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na pamoja na wenzake akawatunza watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Kisha alipata kazi katika OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, hapo mpakani. Chakula kilichooza kilipoletwa ili kiuzwe kwa watu, alikataa kukipitisha. Walimpa matabishi, akakataa. Walimtisha, akakataa. Waliomfahamu wanasimulia kwamba alijiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristu au sivyo, na kwamba, akiwa Mkristu, hakuweza kukubali watu watiwe sumu. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, mji wake ulikuwa umeangukia katika mapigano.

Mtu aweza kuuliza: Je, kukataa fedha forodhani ni kufia dini? Ndiyo, kwa maana Floribert alijua yumo katika habari gani. Vijana watatu kule Babeli walikataa kusujudia sanamu ya dhahabu. Kijana wa Goma alikataa kusujudia fedha. Sanamu ni ileile, imebadili sura tu. Asiyekula chakula kile ni nani? Ni mtoto fulani asiyemjua, wa kabila asilolijua, ambaye labda leo ni mtu mzima, naye hajui ni nani aliyemwokoa.

NYUMBANI KWENU

Enyi wazazi, msiwaachie makatekista kazi yote. Jioni moja kila juma, taa ikiisha kuwashwa, msomeeni mtoto sehemu moja ya habari hii kwa taratibu yake: tangu Mwanzo, kwa Abrahamu, kwa Musa, kwa Daudi, hata Betlehemu, Kalvari na kaburi tupu. Kisha msimulieni na ya kwenu: mlikuwa wapi mwaka 2002, nani aliwapokea, mlimshukuruje Mungu. Mtoto ataziona habari hizo mbili zikishikana mikono.

Nanyi wanafunzi, mwalimu akiuza alama, au rafiki akiwaambia kwamba wote hufanya hivyo, msianze kwa kuuliza mtapata nini. Ulizeni kwanza: Mimi ni wa watu gani? Siku ya ubatizo mlijibiwa. Kumbukeni jibu hilo kila mwaka tarehe 8 Julai, sikukuu ya Mwenye Heri Floribert, aliyetembea juu ya mawe yaleyale mnayoyakanyaga ninyi.