Je, Wajua? Safari ya Ndege ya Sekunde 53

Safari fupi kuliko zote za ndege ya ratiba duniani haifiki hata kilomita 3. Ni kilomita 2.7 tu, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kaskazini mwa Uskoti. Njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Edinburgh inakaribia urefu huo!

Ratiba huipa dakika 2. Upepo ukiisukuma vizuri, hutua mapema zaidi. Rekodi ni sekunde 53, kutoka kuruka hadi kugusa ardhi.

Ndege yenyewe, Islander ya pangaboi mbili, hubeba abiria wasiofika 10. Mmoja huweza kukaa bega kwa bega na rubani.

Safari hizi zilianza 1967. Walimu na wagonjwa wa visiwani wangali wanazitegemea.