Jinsi Estonia Ilivyosomesha Wahandisi Wake

Uhandisi ulianza kufundishwa kwa lugha ya Kiestonia mjini Tallinn tarehe 17 Septemba 1918, mji ukiwa bado mikononi mwa jeshi la Ujerumani na uhuru wa Estonia ukiwa haujapita karatasi ulimoandikwa. Kabla ya hapo, kijana wa Kiestonia aliyetaka kujenga madaraja au kuunda mitambo alikwenda Riga au St. Petersburg, akasomea kwa lugha za watawala. Chama cha wahandisi wazalendo ndicho kilichofungua kozi zile za kwanza. Mwaka 1936 shule iliyotokana na kozi hizo ilipandishwa hadhi ikawa ya ngazi ya chuo kikuu, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tallinn, TalTech kwa kifupi. Chuo Kikuu cha Tartu, kilichoanzishwa na mfalme wa Sweden mwaka 1632, nacho kilianza kufundisha kwa Kiestonia mwaka 1919. Wazungumzaji wa lugha hiyo hawafiki milioni moja na laki mbili, ila tangu wakati huo wamesomea hesabu, fizikia na umeme kwa lugha waliyozaliwa nayo, kuanzia chekechea hadi shahada.

Tarehe hizo zina uzito, kwa kuwa habari za Estonia husimuliwa mara nyingi kana kwamba nchi hiyo iligundua kompyuta siku ilipotoka katika Muungano wa Kisovyeti, Agosti 1991. Nchi yenye watu milioni 1.3 tu, iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, sasa inajulikana duniani kwa serikali inayotoa huduma zake karibu zote kupitia intaneti, na kwa kampuni za teknolojia zilizovuka mipaka yake. Mizizi ya mafanikio hayo imo katika vyuo. Hata katika miaka ya utawala wa Moscow vyuo hivyo havikufa, na mwaka 1960 ilianzishwa mjini Tallinn Taasisi ya Sibernetiki, mahali ambapo wanahisabati na wahandisi walifanya utafiti wa kompyuta na mifumo ya udhibiti. Uhuru uliporudi, maduka yalikuwa matupu na sarafu ya Kisovyeti ilikuwa haina thamani, lakini watu waliojua kuandika programu walikuwapo.

Serikali mpya ilikuwa changa na maskini. Mart Laar alikuwa na umri wa miaka 32 alipokuwa waziri mkuu mwaka 1992, mwaka uleule nchi ilipotoa sarafu yake, kroon. Hazina haikuwa na fedha za kununua mifumo mikubwa kutoka kampuni za kigeni, wala kuajiri makarani kila kijiji. Benki nazo zilianza upya kabisa, zikaruka enzi ya hundi na kwenda moja kwa moja kwenye huduma za intaneti, ambazo wateja walianza kuzipata mwaka 1996. Umaskini huo uliwalazimisha wahandisi wa ndani kutafuta suluhisho jepesi, la bei nafuu na linaloweza kukarabatiwa na walewale waliolitengeneza.

Hatua iliyobadilisha elimu ilitangazwa na Rais Lennart Meri Februari 1996. Iliitwa Tiigrihüpe, yaani Mruko wa Chui-Milia, na lengo lake lilikuwa kuziunganisha shule zote na intaneti na kuzipa kompyuta. Miongoni mwa waliolibuni wazo hilo ni Jaak Aaviksoo, mwanafizikia wa Tartu aliyekuwa waziri wa elimu, na Toomas Hendrik Ilves, balozi wa Estonia nchini Marekani wakati huo na baadaye rais wa nchi. Ilves alikuwa amejifunza kuandika programu akiwa mvulana wa shule katika jimbo la New Jersey, kwa mwalimu wa hesabu aliyependa kujaribu mambo mapya, na aliamini kwamba kilichowezekana kwake kingewezekana kwa mtoto yeyote.

Kompyuta hazikumwagwa tu shuleni kama msaada wa njaa. Halmashauri zilitakiwa kuchangia gharama, hivyo mji uliopokea vifaa ulikuwa na sababu ya kuvitunza. Lakini sehemu bora ya mpango ule ilikuwa walimu. Maelfu yao walipitishwa katika mafunzo ya msingi ya saa 40, na hawakuwa walimu wa hesabu peke yao. Wa historia, wa biolojia na wa lugha waliingia pia. Wengi waliupinga mwanzoni, wakihofia kwamba mashine itawanyang'anya watoto. Upinzani huo ulipungua kadiri walimu wenyewe walivyoanza kutengeneza mazoezi na masomo ya kutumia darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shule za nchi nzima zilikuwa zimeunganishwa. Mwaka 2012 ukafuata mpango mwingine, ProgeTiger, uliopeleka uandishi wa programu na roboti hadi kwa watoto wa chekechea na shule za msingi. Katika mitihani ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, wanafunzi wa Estonia wenye umri wa miaka 15 waliongoza Ulaya nzima katika hesabu na sayansi.

Wahandisi waliofundishwa vizuri bila kazi ya kufanya nyumbani huondoka. Estonia iliwapa kazi, na mteja wao mkubwa wa mwanzo alikuwa serikali. Mwaka 1997 wataalamu wa Taasisi ya Sibernetiki waliunda kampuni iitwayo Cybernetica, na kampuni hiyo ilishiriki kujenga mfumo uliozinduliwa Desemba 2001 kwa jina la X-tee, unaojulikana nje ya nchi kama X-Road.

Mfumo huu unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndio moyo wa yote yaliyofuata. Nchi nyingi zikitaka kuunganisha taarifa za wananchi hujenga ghala moja kubwa la data. Ghala hilo ni ghali, na mwizi akiingia amepata kila kitu. Waestonia walikataa njia hiyo. Kila taasisi inabaki na data zake: polisi na zao, hospitali na zao, mamlaka ya ardhi na zake. Mlangoni mwa kila taasisi imewekwa seva ya usalama. Daktari akihitaji kujua kama mgonjwa ana bima, ombi lake hutoka kwenye seva ya hospitali likiwa limefungwa kwa msimbo, limetiwa saini ya kidijitali na kugongwa muhuri wa saa; seva ya taasisi ya bima hulihakiki, hutazama kama aliyeuliza ana haki ya kuuliza, kisha hurudisha jibu hilo tu bila kufungua faili zima. Kumbukumbu ya mawasiliano hubaki pande zote mbili, na mwananchi anaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali akaona nani alitazama taarifa zake. Mtumishi anayechungulia faili la jirani bila sababu za kikazi huacha alama, na anaweza kushtakiwa. Sheria pia inazuia taasisi kuanzisha kanzidata mpya ya kukusanya data ambazo tayari ziko kwenye kanzidata nyingine ya umma. Anwani ikishaandikishwa sehemu moja, inatosha.

Ufunguo wa kuingilia ni kitambulisho cha taifa, kilichoanza kutolewa mwaka 2002. Ndani ya kadi mna chipu yenye funguo mbili za siri. Moja, inayofunguliwa kwa namba yenye tarakimu nne, humthibitisha mwenye kadi. Ya pili, yenye tarakimu tano, hutia saini yenye nguvu sawa na saini ya wino, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2000. Kwa kadi hiyo watu walipiga kura kupitia intaneti katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 kura za njia hiyo zilizidi nusu ya kura zote.

Majaribu hayakukosekana. Aprili 2007, baada ya serikali kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovyeti kutoka katikati ya Tallinn, tovuti za benki, magazeti na wizara zilishambuliwa kwa wiki kadhaa kwa mafuriko ya maombi bandia kutoka kila pembe ya dunia. Wahandisi wa benki na wa serikali walishirikiana usiku na mchana kuyazuia, na mwaka uliofuata NATO ikaweka Tallinn kituo chake cha utafiti wa ulinzi wa mitandao. Jaribu la pili lilikuwa la kitaalamu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Jamhuri ya Czech waligundua dosari katika chipu iliyotumika kwenye kadi zipatazo 750,000 za Estonia, yaani zaidi ya nusu ya raia wote. Serikali ilitangaza hatari hiyo hadharani, ikasitisha vyeti vya kadi hizo mwezi Novemba, na wahandisi wakabadilisha aina ya msimbo uliotumika ili wananchi waweze kusasisha kadi wakiwa nyumbani. Nchi isiyo na wataalamu wake ingesubiri msaada kutoka kwa muuzaji, na huduma zote zingesimama.

Katika sekta binafsi, simulizi huanza na Skype, programu ya kupiga simu kupitia intaneti. Waanzilishi wake wa mwaka 2003 walikuwa Msweden Niklas Zennström na Mdenmark Janus Friis, lakini programu yenyewe iliandikwa Tallinn na Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn, marafiki waliokuwa wameuza mchezo wa kompyuta nje ya nchi tangu wakiwa vijana. Jaan Tallinn alikuwa na shahada ya fizikia kutoka Tartu. Mwaka 2005 eBay iliinunua Skype kwa dola bilioni 2.6, na mwaka 2011 Microsoft ikailipia bilioni 8.5. Huduma hiyo ilifungwa Mei 2025, lakini mavuno yake yalikuwa yameshaenea. Waliofanya kazi pale walipata fedha, na zaidi ya fedha walijifunza namna ya kuhudumia mamilioni ya watumiaji kutoka nchi ndogo.

Taavet Hinrikus, mwajiriwa wa kwanza wa Skype, alikuwa London akilipwa kwa yuro huku matumizi yake yakiwa ya pauni. Mwenzake Kristo Käärmann alilipwa kwa pauni na kudaiwa mkopo wa nyumba huko Estonia. Wakawa wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe bila kupitia benki, na mwaka 2011 wakaligeuza zoezi hilo kuwa kampuni ya kutuma fedha, Wise. Markus Villig alikuwa na miaka 19 alipoanzisha Taxify mwaka 2013 kwa yuro 5,000 alizokopa kwa wazazi. Tangu mwaka 2019 inaitwa Bolt, jina linalojulikana kwa abiria wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Soko la nyumbani ni dogo mno kuweza kuilisha kampuni, kwa hiyo mjasiriamali wa Estonia hufikiria wateja wa nje tangu siku ya kwanza.

Vyuo vyenyewe hufundisha kwa vitendo. Mashindano ya roboti ya Robotex yalianza mwaka 2001 na yamekua hadi kuvuta washiriki kutoka nchi nyingi. TalTech ilionyesha basi dogo lisilo na dereva mwaka 2018. Huko Tartu, wanafunzi walijenga setilaiti ya kwanza ya nchi, ESTCube-1, iliyorushwa Mei 2013 kwa roketi ya Vega kutoka Guyana ya Ufaransa. Lengo lake lilikuwa kujaribu tanga la umeme linalosukumwa na chembe zitokazo kwenye jua. Waya wa tanga ulikataa kukunjuka. Setilaiti ya pili, iliyorushwa mwaka 2023, haikutengana na roketi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyepanga mzunguko wa umeme, akaujaribu kwa baridi na mtetemo, kisha akasoma ishara zake kutoka angani, amesoma uhandisi kwa kina ambacho mtihani wa karatasi haukifikii.

Udhaifu pia upo, na si mdogo. Kampuni huwachukua wanafunzi wa kompyuta kabla hawajamaliza, na idadi ya wanaoacha masomo imekuwa ikiwasumbua wakuu wa vyuo kwa muda mrefu. Wahandisi wa mitambo, umeme na ujenzi ni wachache kuliko mahitaji, kwa kuwa sifa na mishahara imewavuta vijana kwenye programu. Mashariki ya nchi, katika mkoa wa Ida-Viru, umeme umezalishwa kwa miongo mingi kwa kuchoma mwamba wenye mafuta, nishati chafu ambayo Umoja wa Ulaya unataka iachwe. Wakazi wengi wa huko huzungumza Kirusi na ajira za migodini zinapungua. Mwaka 2021 wajasiriamali wa teknolojia walisaidia kufungua katika mji wa Jõhvi shule ya uandishi wa programu iliyoanza bila ada wala walimu, ambamo wanafunzi hufundishana wenyewe. Ni jaribio zuri, lakini shule moja haiwezi kubeba mkoa.

Februari 2025 serikali ilitangaza mpango mpya, safari hii wa akili bandia, kwa wanafunzi 20,000 wa sekondari za juu kuanzia Septemba mwaka huo. Walimu 3,000 waliingizwa katika mpango huo pamoja na wanafunzi wao. Bila walimu hao, mpango usingekuwa zaidi ya ununuzi wa leseni.