Dynamo ya Bujumbura: Mtaji Uliodumu Mchezo Mmoja

MFANYABIASHARA wa Bangwe, mjini Kigoma, anayepeleka chumvi ya Uvinza Bujumbura kwa njia ya ziwa anajua kuwa mzigo unaweza kuwa mzuri, mnunuzi akawa tayari, na bado safari ikakwama kwa karatasi moja. Mwezi Machi 2024 mkasa wa aina hiyo uliikumba klabu ya mpira wa kikapu ya Dynamo ya Bujumbura. Safari hii hakikukwama chombo, ilikwama timu nzima.

Ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, BAL, ilianzishwa kwa ubia wa NBA ya Marekani na shirikisho la dunia, FIBA. Msimu wa kwanza ulichezwa Kigali mwaka 2021, timu zikiwa 12. Mwaka huo huo NBA iliunda kampuni ya Afrika iliyokadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja, na miongoni mwa wawekezaji wake ni wachezaji wa zamani Luol Deng na Dikembe Mutombo, ambaye alifariki mwaka 2024. Kwa klabu za ukanda huu, kuingia BAL ni kutoka ridhaa na kuingia biashara.

Dynamo ilipata nafasi hiyo katika mchujo wa mwishoni mwa 2023, ikiwa ya kwanza kutoka Burundi. Ilipangiwa Pretoria, Afrika Kusini, pamoja na Cape Town Tigers, FUS Rabat ya Morocco na Petro de Luanda ya Angola. Kila timu ilitarajiwa kucheza michezo sita.

Tatizo lilikuwa kifuani. Jezi za BAL zilikuwa na maneno "Visit Rwanda", tangazo la utalii wa Rwanda, mmoja wa wadhamini wakuu wa ligi. Januari 2024 Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, tuhuma ambazo Rwanda imezikanusha. Kwa klabu ya Bujumbura, kuvaa tangazo hilo likawa jambo la siasa.

Machi 9 Dynamo iliingia uwanjani tangazo likiwa limefunikwa kwa utepe, ikawafunga Tigers 86-73. Ligi ikashikilia kanuni yake ya mavazi. Machi 10 Dynamo haikucheza na FUS Rabat, na Machi 12 haikucheza na Petro. Kwa kanuni za FIBA, timu inayopoteza mchezo kwa kugoma huandikiwa kufungwa 20-0, na ikirudia katika mashindano hayo hayo huondolewa. Safari ya Dynamo ikaishia hapo, ikiwa imeshinda mchezo pekee iliocheza. Petro, waliokuwa kundi lake, ndio walionyakua ubingwa Kigali Juni 1, wakiwafunga Al Ahly ya Libya 107-94.

Kwa mwekezaji mdogo, hesabu ya mkasa huu ni rahisi kuisoma. Gharama za kuandaa timu, kuajiri wachezaji wa kigeni na kusafiri hulipwa kabla ya mchezo wa kwanza. Faida, yaani jina, wadhamini wapya na soko la wachezaji, huja baadaye. Dynamo ilibeba gharama ikakosa muda wa kuvuna.

La pili ni umiliki wa bidhaa. Klabu iliwamiliki wachezaji, lakini kifua cha jezi kilikwisha kuuzwa na ligi. Anayeingia ubia wa namna hiyo hana budi kujua mapema ni nini alichobakiwa nacho cha kuuza na ni nini kilichokwisha kuuzwa na mwenzake.

La tatu ni siasa. Mdhamini alijulikana, na mpaka ulifungwa miezi miwili kabla ya mashindano. Hatari hiyo ilionekana wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuzungumza na ligi, au kujitoa kabla ya fedha kutumika.

Wazee wa biashara husema mali bila daftari huisha bila habari. Mkasa wa Dynamo unaongeza kuwa hata penye daftari, mkataba usomwe hadi ukurasa wa mwisho kabla chombo hakijang'oa nanga.