Mashine za Kusafisha Hewa na Wagonjwa wa Mzio: Mfano wa Korogwe na Handeni

Mzio ni hali ambayo mwili hukidhania kitu kisicho na madhara, kama vile vumbi la nyumbani au chavuo ya maua, kuwa ni adui, ukaanza kupambana nacho. Matokeo yake ni chafya, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na, kwa baadhi ya watu, pumu. Siku hizi mashine za kusafisha hewa ya chumbani huuzwa mijini, na jamaa za wagonjwa hujiuliza kama zinastahili gharama yake. Ili kujibu swali hilo, hapana budi kujua kwanza mashine hufanya nini, na pili vumbi hutoka wapi.

Ndani ya mashine mna feni inayopitisha hewa katika chujio la nyuzi nyembamba zilizosongamana. Chujio hilo halifanyi kazi kama chekeche la unga. Chembe kubwa, kwa sababu ya uzito wake, hushindwa kupinda pamoja na mkondo wa hewa, zikagonga nyuzi na kunasa. Chembe ndogo mno husukumwa huku na huku na molekuli za hewa mpaka ziguse uzi. Zilizo ngumu kunaswa ni zile za kati, zenye upana wa mikroni 0.3 hivi (mikroni 1,000 ni milimita 1). Ndiyo maana machujio bora hupimwa kwa chembe za kiasi hicho, nayo hutakiwa kunasa 9,997 katika kila 10,000.

Hata hivyo, chujio hunasa kile tu kinachoelea. Chembe ya mikroni 1 huweza kukaa hewani kwa saa nyingi, lakini ya mikroni 20 huanguka sakafuni kwa dakika chache. Kinyesi cha utitiri wa vumbi la nyumbani, ambao watafiti wa Uholanzi waliuhusisha na mzio mnamo mwaka 1964, ni cha kundi hili la pili. Hukaa katika godoro na mto, mahali ambapo mashine haifiki. Dawa yake ni kufua mashuka kwa maji ya moto, kuanika matandiko juani na kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Hesabu ifuatayo yaweza kufanywa darasani. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Mashine inayosafisha mita za ujazo 150 kwa saa huisafisha hewa hiyo mara 5 kwa saa. Ichukuliwe kwamba chumba kimefungwa, na hewa ya nje hupenya nyufani kiasi cha mara 0.5 kwa saa. Kwa mashine, jumla ni mara 5.5, vumbi linalotoka ndani na kuelea hupungua hadi sehemu moja katika kumi na moja. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini madirisha mawili yanayokabiliana yakifunguliwa, hewa yaweza kubadilika mara 10 kwa saa bila senti moja ya umeme. Mara 10 ni zaidi ya mara 5.5, basi, ikiwa hewa ya nje ni safi, dirisha huishinda mashine.

Wilayani Korogwe, katika mashamba ya katani kama Magunga na Ngombezi, chanzo cha vumbi hujulikana. Jani likisagwa kwa mashine ya korona, maji mengi hutumika na vumbi huwa haba. Nyuzi zikisha kukaushwa juani hupigwa brashi, na hapo ndipo vumbi hutimka. Watafiti wa Tanzania na Norway waliowachunguza wafanyakazi wa katani katika miaka ya 2000 waliwakuta na kikohozi, chafya na matatizo ya kupumua, na baadhi yao walikuwa na dalili za mzio wa katani katika damu. Vumbi lilipopunguzwa, dalili zilipungua. Katika banda kama hilo mashine ya nyumbani haifui dafu. Yafaayo ni kulifyonza vumbi palepale linapotoka, kulowanisha sakafu kabla ya kufagia, kuvaa barakoa madhubuti, na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani.

Handeni, ambako mahindi ni zao kuu, magunia yawekwayo katika chumba cha kulala huweza kutoa vumbi na ukungu. Kuyahamisha ni tiba ya bure. Moshi wa kuni ni jambo jingine. Chembe zake ni ndogo, na chujio huzinasa. Lakini kaboni monoksaidi ni gesi, nayo hupita katika chujio kama kwamba hamna kitu. Anayefunga madirisha ili mashine ifanye kazi vizuri, huku jiko la mkaa likiwaka ndani, anahatarisha maisha ya watu wote waliomo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kuondoa chanzo, kisha kupitisha hewa, na mwisho, palipo na umeme na ambapo hewa ya nje yenyewe ni chafu, kutumia mashine inayolingana na chumba, ambayo chujio lake hubadilishwa kwa wakati. Mashine zinazotoa ozoni ziepukwe, maana ozoni huchokoza mapafu. Wala mgonjwa wa pumu asiache dawa zake kwa sababu amepata mashine.

Wanafunzi waweza kupaka mafuta mazito vipande vya kioo, kuviweka kwa siku tatu chumbani, jikoni na kando ya barabara, kisha kuvichungulia kwa hadubini. Wataona wenyewe mahali ambapo kazi yapaswa kuanzia.