Batri haikuwa na kosa, na shofa vilevile

Naandika toka Kindu. Hii mara siandiki juu ya mupunga wala mihogo. Naandika juu ya batri ya gari, kwa sababu mwaka uliopita nilitia sahihi ku barua ya kumusimamisha mutu kazi juu ya batri, na yule mutu hakuwa na kosa lolote. Kama ningejua kupima mambo machache tu, ile barua isingeandikwa. Basi nawapa hayo mambo hapa. Najua wengi wetu, kisha kupata lisansi, tunapewa kazi ya kusimamia pikapu ya zamani ya mradi fulani, na hakuna mwalimu aliyetufundisha gari.

Kwetu ni kooperative ndogo ya wakulima wa mupunga, wengi wao ni wamama. Gari yetu ni Toyota Hilux ya mazutu, ya zamani, zile zisizo na kompyuta mu motere. Ndani ya miezi mitano tulinunua batri mbili mupya. Ya kwanza ikakufa, tukasema ni ya bandia. Ya pili nayo ikaanza kukufa. Mwezi wa tisa, mvua zikiwa zimeanza, gari ilizimika jioni mu foleni ya baki, tukingoja kuvuka Lualaba kwenda Alunguli na mbegu za wakulima wa ng'ambo. Haikuwaka tena. Mvua ikanyesha usiku, baadi haikutosha kufunika yote, na mifuko sita ya mbegu ikalowa. Mwenye kujua mbegu anajua maana yake: mbegu iliyolowa ndani ya mufuko inapata joto, inaota kabla ya kufika shambani. Wamama sita walikosa mbegu kwa wakati.

Ku kikao cha komite mutu mumoja akasema: "Papa Shofa analala na gari kwake. Usiku anatoa batri, anawasha taa na televizyo." Kwetu hapa hilo ni jambo linaloaminika haraka, juu nyumba nyingi zinawaka kwa batri na plake za jua. Hakuna aliyeona. Lakini barua ikaandikwa, na mimi, kwa sababu njo mimi niliyesoma, nikatia sahihi. Papa Shofa aliisoma polepole, akaikunja. Akaniuliza neno moja tu: "Mwanangu, daftari ya gari uliisoma?" Sikuwa nimeisoma.

Mwezi huo huo, mukubwa mumoja wa umoja wetu, aliyesomea umeme, alipita kwangu. Nilipomuhadisia akacheka kidogo, akasema: "Mudogo, wewe ukiona majani ya mupunga yamekuwa manjano, unamwaga ure moja kwa moja?" Nikasema hapana, yaya, kwanza natazama mizizi, maji, udongo, umanjano unaweza kutoka ku mambo mengi. Akasema: "Sasa kwa nini gari ikikufa munamwagia batri?"

Pale njo nilianza kuelewa.

Tuanze na kazi ya kila kitu. Batri ni gala, alternateri ni shamba. Gala halizai mupunga, linatunza tu. Batri inatoa nguvu ya kuamsha motere. Kisha motere ikiwaka, alternateri inazungushwa na kurua, inazaa umeme wa taa, wa buji, wa kila kitu, na inarudisha ndani ya batri kile kilichotumika asubuhi. Shamba likiacha kuzaa, munakula ya gala mpaka liishe. Kununua gala lingine hakuleti mavuno. Tena batri ya gari haipendi kukaa tupu: risasi iliyo ndani inashika chumvi ngumu, na hata ukiichaji baadaye, haipokei tena kama zamani. Vile njo batri mupya inavyokufa ndani ya miezi miwili bila mutu kuiba kitu.

Ndani ya alternateri kuna sehemu inayozunguka, iliyo na waya wa shaba, nayo inapewa umeme kidogo ili iwe sumaku. Ule umeme kidogo unapita ku sharboni mbili zinazogusa pete zinazozunguka. Pembeni kuna waya zingine zisizozunguka. Hapo njo umeme mukubwa unazaliwa. Diodi zinaugeuza uende upande mumoja, na regilateri inauzuia usipite kiasi. Kumbe kitu kidogo kama sharboni kikikosa kugusa, hakuna sumaku, na bila sumaku hakuna umeme, hata kama vyote vingine ni vizima.

Sasa vipimo. Munahitaji multimetri moja, hata ile ya bei ndogo ya sokoni. Tulifuata hii njia.

Kwanza macho na mikono, motere ikiwa imezimwa. Kurua imekaza au inateleza? Ikilia asubuhi au ukiwasha fari, inateleza. Kosi za batri zimekaza, hazina unga wa kijani au mweupe? Waya wa chini unaoenda ku motere na ku bodi hauna kutu? Sisi kurua yetu ilikuwa nzuri na kosi safi. Lakini chini ya alternateri palikuwa pamelowa mafuta meusi. Yaya akapaona, akanyamaza, akaendelea.

Pili, taa ya batri ku tablo. Ukifungua funguo bila kuwasha motere, lazima iwake. Motere ikiwaka, lazima izimike. Ikibaki kuwaka, alternateri haichaji. Lakini isipowaka kabisa pale mwanzo, usifurahi: pengine lampi yenyewe imeungua, na hakuna tena wa kukuonya. Ku baadhi ya gari za zamani, umeme wa kuamsha alternateri unapita ndani ya kale kalampi, kwa hiyo kakiungua alternateri inaweza kukataa kuanza kazi. Yetu haikuwaka. Hatukujua tangu lini.

Tatu, pima batri ikiwa imepumzika masaa machache. Iliyojaa iko karibu na volti 12.6. Ikiwa 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 ni kama tupu. Tuliichaji kwanza usiku mzima ku grupe ya jirani. Asubuhi ikasoma 12.5. Basi ilikuwa bado inashika.

Nne, washa motere, pima pale pale ku batri. Alternateri nzima inatoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Yetu ilisoma 12.4. Tukawasha fari na kupandisha motere kidogo: ikashuka mpaka 11.9. Hapo jibu lilikuwa wazi, shamba halizai. Kama ingepita 14.8, kosa lingekuwa upande mwingine, regilateri inaachia umeme mwingi, na batri ingechemuka na kumaliza maji yake.

Tano, kabla ya kufungua alternateri, hakikisha si waya. Pima ku bulo kubwa ya nyuma ya alternateri, motere ikiwaka. Kama pale ni volti 14 na ku batri ni 12, umeme unazaliwa lakini unapotea njiani: waya au fizibule kubwa. Kwetu pande zote mbili zilisoma karibu sawa. Tukapima pia ule waya mudogo unaoleta umeme toka ku funguo mpaka ku regilateri: ulikuwa na volti 12, kwa hiyo fizibule yake ni nzima. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya alternateri yenyewe.

Sita, na hii njo ilinichoma roho. Tulipima kama kuna kinachonyonya batri usiku. Unazima kila kitu, unatoa waya wa chini wa batri, unaweka multimetri katikati ku nafasi ya ampere 10, na haugusi kabisa funguo ya kuwasha, juu demareri itaiunguza mara moja. Tulisoma ampere 0.02. Kwa siku nzima ni karibu nusu ya ampere-saa, na batri yetu ni ya 70. Ingechukua miezi kuimaliza. Lakini fari mbili pamoja na taa ndogo zinakula karibu ampere 10. Hesabu ya karatasi ni masaa saba. Kwa ukweli ni pungufu, kwa sababu batri ikifika katikati tayari haina nguvu ya kupasha buji na kuzungusha motere ya mazutu. Sasa munaelewa kwa nini mchana gari ilitembea vizuri na usiku ikakufa. Jioni ile ya baki tuliwasha fari muda murefu, juu ya mvua na giza. Aliyemaliza batri ni safari yetu wenyewe.

Tulipotoa alternateri na kuifungua, ndani palijaa mafuta ya motere. Hapa wenye Toyota za mazutu za zamani musikilize vizuri. Ku nyingi kati yazo, nyuma ya alternateri kumefungwa pompi ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya freni. Ile pompi inapakwa na mafuta ya motere. Kati ya pompi na alternateri kuna jwenti ya mupira inayozuia mafuta. Ikizeeka, mafuta yanaingia mu alternateri, yanalowesha sharboni, unga wa sharboni unageuka tope, na sharboni hazigusi tena pete. Zetu zilibaki kama milimita mbili. Mupya zinazidi kumi.

Fundi alisafisha yote, akasugua pete kwa papie vere laini, akaweka sharboni mupya, jwenti mupya na kalampi ku tablo. Kama angeweka sharboni na kuacha jwenti, tungerudi kwake baada ya wiki chache. Motere ilipowaka, multimetri ikaandika 14.2, na fari zote mbili zikiwaka, 13.9. Vyote pamoja havikufika bei ya batri moja.

Maonyo mawili. La kwanza: kuna wengine wanaopima alternateri kwa kutoa kosi ya batri motere ikiwa inawaka, gari ikiendelea kulia, wanasema alternateri ni nzuri. Musikubali. Motere ya mazutu ya zamani inaweza kuendelea hata alternateri ikiwa dhaifu, kwa hiyo kipimo kinadanganya. Tena batri ikitolewa ghafla, volti zinaruka juu sana na kuunguza diodi na regilateri. Unaingia na ugonjwa mumoja, unatoka na mitatu.

La pili: kwa hizi gari, alternateri na freni ni ndugu. Kurua ikikatika au ile pompi ikikufa, freni inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiona freni imekuwa nzito na batri haijai, usishuke kilima chochote na mizigo kabla ya kutazama.

Nirudi ku daftari. Nilipofika nyumbani niliifungua. Papa Shofa ana mwandiko mukubwa wa zamani. Mwezi wa tano aliandika: "Taa ya batri haiwaki tena." Mwezi wa sita: "Mafuta ya motere yanapunguka, nimeongeza nusu litre." Mwezi wa saba: tena mafuta, na "fari dhaifu usiku". Jibu lote lilikuwa pale, kurasa tatu, na miezi yote hiyo ilikuwa mu tiruari ya biro yangu. Yeye aliangalia gari kama mimi ninavyoangalia shamba. Mimi nilisoma miaka mingi kuandika ripoti, na ripoti ya mwenzangu sikuifungua.

Niliomba komite ikutane. Nikaleta multimetri, nikapima mbele yao, nikasoma daftari kwa sauti. Barua ikafutwa, na siku alizokosa kazi akalipwa. Kisha nikaenda kwake Mikelenge, nikamwambia: "Papa, nilikukosea. Nisamehe." Alinyamaza muda, akamwambia bibi yake alete kiti. Tuliongea juu ya mvua. Nilipotaka kuondoka akasema: "Mwanangu, siku nyingine uulize kwanza." Basi.

Wamama sita walipata mbegu zingine, lakini wiki tatu nyuma ya wenzao, na mavuno yao yalikuwa madogo. Hiyo sikuweza kuirudisha.

Sasa ku gari yetu kuna multimetri, na ku daftari tumechora mistari mitatu kwa kila Siku ya Kwanza: volti gari ikilala, volti motere ikiwaka, volti na fari. Papa Shofa njo anaandika, na mimi njo ninasoma na kutia sahihi. Inachukua dakika tano. Wenzangu wenye kusimamia gari za miradi, fanyeni vile, na kabla ya kununua batri, na zaidi kabla ya kumushitaki mutu, fungueni daftari.